Besi ya Fundi Saa

Kama hujawahi kuishi na mwimbaji wa besi, hujui adha yake. Mwimbaji wa sauti ya kwanza akifanya mazoezi nyumbani, majirani wanapata wimbo wa bure. Wa besi anakupa nguzo za nyumba bila ukuta wala paa: neno moja refu, kimya, neno jingine, kimya tena, halafu mngurumo wa kumalizia. Mama Pasi aliishi na mtu wa namna hiyo tangu alipoolewa mpaka alipofiwa, na hata siku moja hakulalamika, kwa sababu alidhani huo ndio wimbo wenyewe.

Usimcheke kwanza. Kwaya ya mtaa ilikuwa ikifanya mazoezi Jumamosi alasiri, na Jumamosi alasiri ndipo kibanda chake cha dobi kilipojaa suti na magauni ya watu wenye harusi. Kwa hiyo hakuwahi kukanyaga mazoezini, na siku kwaya ilipoalikwa mahali, yeye alikuwa nyuma ya meza akinyoosha kola za waliokwenda kuisikiliza. Alichokijua cha kwaya ni kile kilichopenya ukutani. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa, alikuwa na kibanda chake ubavuni mwa cha mkewe, ukuta wa mbao katikati. Alikaa humo ameinamia saa za watu, kioo kimebanwa jichoni, na besi yake ikapita kwenye mbao ikamfikia mkewe palepale pasi inapotoa mvuke. Mama Pasi alizijua nyimbo zote kwa namna hiyo. Alijua mahali anapovuta pumzi, mahali anapokohoa, na mahali anaponyamaza, ambapo yeye aliamini kwamba mumewe anawaza.

Jambo la kuchekesha kuhusu Fundi Saa, na mtaa ulilicheka mpaka ukachoka, ni kwamba alizirekebisha saa za watu wote na yeye mwenyewe hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Kwenye harusi yake bibi harusi ndiye aliyesubiri. Hata kufa kwake alichelewa. Daktari aliwaambia jamaa wajiandae, wakajiandaa, watu wakasafiri kutoka mbali, naye akakaa nao majuma kadhaa zaidi akiomba chai na kuuliza habari za mpira. Kisha asubuhi moja chai ililetwa na hakukuwa na wa kuinywa.

Baada ya mazishi Mama Pasi alijikaza kisabuni. Alifungua kibanda, akapokea nguo, akawajibu waliompa pole. Watu wakasema mwanamke yule ana moyo. Hawakujua kinachomla. Sura ya mumewe alikuwa nayo, picha ukutani na nyingine mbili kwenye simu. Sauti ndiyo haikuwa mahali popote. Hakuna aliyewahi kumrekodi, maana ni nani anayemrekodi mtu anayemwona kila siku? Siku moja, katikati ya shati jeupe, alijaribu kukumbuka mumewe alivyokuwa akimwita kutoka ng'ambo ya mbao, akapata maneno matupu. Aliyakumbuka maneno kama mtu anavyokumbuka alichokisoma. Aliiweka pasi chini akashikwa na hofu ambayo hata hospitalini haikumshika.

Ila besi ilibaki. Akiguna ule Wimbo wa Asubuhi, uliokuwa kipenzi cha Fundi Saa, alimsikia. Kwa hiyo akawa anauguna kutwa, sauti ya chini, huku ananyoosha, na akawa mkali juu yake. Pale marehemu alipovuta pumzi katikati ya neno, naye alivuta. Pale aliponyamaza, alinyamaza. Pale alipochelewa kuingia, maana hata wimboni alichelewa, yeye naye alichelewa vilevile. Aliona kwamba akikosea kidogo tu, mtu wake atamponyoka, na safari hii hataitwa daktari.

Ugomvi aliuanzisha binti yake, tena bila kukusudia. Alimpigia simu kumjulia hali, akamkuta mama anaguna, akauliza ni wimbo gani huo. Mama akamwambia ni Wimbo wa Asubuhi wa baba yako. Binti akacheka kidogo, akasema Wimbo wa Asubuhi hauko hivyo, waliuimba shuleni, akaimba mistari miwili ya juu, laini kama maji. Mama Pasi hakuutambua hata chembe. Alikata simu akiwa amenuna, na kwa muda wa siku kadhaa mama na mwana walisalimiana kwa ujumbe tu. Ilikuwa kana kwamba mtu amemwambia kwamba mume aliyemjua siye.

Jumamosi iliyofuata alifunga kibanda alasiri. Wateja waliokuja walidhani kuna msiba mwingine.

Kwaya ilikuwa ikikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu wa kwaya, mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, alimpokea kwa heshima ya mfiwa, akamtafutia kiti cha kweli. Mama Pasi hakuzunguka mbuyu. Alisema amekuja kuomba wamwimbie Wimbo wa Asubuhi, aondoe shaka, kisha aondoke zake. Wakatazamana. Mwalimu akaeleza taratibu kwamba wimbo huo wameuweka kando tangu mwenzao aondoke. Besi amebaki mtu mmoja, Dereva wa Lori, na huyo wiki nyingi yuko barabarani, kama wiki hii. Lakini kwa ajili yake wataimba walivyo.

Waliimba. Ulikuwa wimbo mzuri, hakuna aliyeweza kukataa, na mbele kabisa alisimama Bibi Mkunga, mstaafu wa wodi ya wazazi, ambaye pamoja na pumu yake na umri wake bado ndiye aliyepanda juu kuliko wote. Mama Pasi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa adabu kwamba si huu.

Mwalimu alimuuliza ni upi basi. Hapo ndipo akalazimika kuimba mbele ya watu, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni, maana shuleni alikuwa na sauti nzito kuliko wavulana na aliambiwa achezeshe midomo tu. Aliinamisha kichwa akaanza. Asubuhi. Kimya. Asubuhi. Kimya kirefu. Nyuma mtu akacheka puani. Sauti ilitoka kama kitu kinachosukumwa chini ya sakafu. Mwalimu naye alitabasamu mwanzoni, halafu tabasamu likamtoka, akainua mkono wote wakatulia.

"Anza tena, mama," alisema. "Safari hii sisi tutaingia. Usitujali, wewe endelea tu hivyohivyo."

Alianza tena. Asubuhi, akaimba, na aliponyamaza, pale ambapo siku zote palikuwa na kimya cha mumewe, wakapita wengine. Walipita wanawake kwa sauti ya kwanza, wakafuatwa na sauti ya pili na ya tatu, kila mmoja na neno lake, na walipomaliza nafasi yake ilikuwa inamsubiri, akaingia, sauti zao zikakaa juu ya yake. Wimbo alioujua na wimbo asioujua ulikuwa kitu kimoja. Miaka yote ile Fundi Saa aliponyamaza nyuma ya mbao hakuwa anawaza. Alikuwa anawasikiliza wenzake kichwani, anawangoja wapite.

Mama Pasi hakuumaliza. Alikaa kwenye kidawati cha karibu akalia waziwazi, kilio alichokibana tangu mazishi, na Bibi Mkunga akaja kumshika mgongo, kama alivyoshika migongo ya wengi.

"Kumbe hakuwa peke yake," Mama Pasi alisema, akirudia. "Kumbe hakuwa peke yake mle ndani."

Hivyo ndivyo kwaya ilivyopata besi. Hawakumbembeleza sana. Jumamosi ya pili alikuja mwenyewe, akasimama upande wa wanaume, kando ya Dereva wa Lori aliyekuwa amerudi, mtu mkubwa na mpole ambaye alisogea kumpa nafasi kama anayepisha gari. Maisha yakaanza kupata mishikizo. Kulikuwa na Jumamosi, na siku kabla ya Jumamosi, na siku baada yake. Chakula kikaanza kupita kooni. Binti akapigiwa simu, akaombwa radhi, akaimbiwa, na yeye akaimba sauti ya juu kutoka huko aliko, wakauunganisha wimbo simuni mpaka salio likawaishia.

Aliyechukia ni wifi yake. Huyu alikuwa dada mkubwa wa marehemu, msusi, na kwa kuwa kazi yake ni kusema huku mikono inafanya kazi, hakujifunza kamwe kusema kidogo. Alimjia kibandani, akakataa kiti. Alisema amesikia mambo, kwamba mjane wa kaka yake anasimama katikati ya wanaume na kuunguruma, na watu wanataka kujua kama ni kweli. Mama Pasi akakiri.

"Unamwiga marehemu mbele ya watu," wifi alisema.

"Simwigi, wifi. Namtunza."

Wifi akasema kaka yake si suti ya kutundikwa, akaondoka. Baada ya hapo alipita mtaa wa pili ili asipite kibandani. Jambo hilo lilimuuma Mama Pasi kuliko alivyoonyesha, kwa sababu hao wawili ndio waliokaa zamu kitandani kwa mgonjwa, mmoja akilala mwingine akiamka, na tangu azikwe hawajawahi kumlilia pamoja.

Ukweli ni kwamba wifi aligusa penyewe. Mwalimu alipogawa karatasi za wimbo mpya, Mama Pasi hakuchukua yake. Aliweka mikono mapajani, akasubiri wenzake wajifunze. Wimbo ule Fundi Saa hakuwahi kuuimba, na yeye aliogopa kwamba ukiingia, utamfuta. Kwa kazi yake alijua kwamba nguo haishiki mikunjo miwili mahali pamoja. Ukipiga pasi wa pili, wa kwanza unakwenda. Mwalimu hakumlazimisha. Alimtetea hata mbele ya waliolalamika.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo mwalimu hakuweza kulinyamazia, nalo lilikuwa mwishoni mwa Wimbo wa Asubuhi. Hapo sauti ya kwanza inapanda mpaka juu kabisa na kukaa huko, na besi inatakiwa kuingia chini yake kwa neno moja, "inakuja", ili wote washuke pamoja. Mama Pasi alichelewa. Hakuchelewa sana, ni ukucha tu. Lakini wenzake walikuwa wamening'inia kule juu, na ukucha ni mwingi kwa mtu aliyening'inia.

"Umechelewa, mama," mwalimu alisema.

"Sijachelewa. Ndivyo anavyoingia."

Mwalimu alivua miwani yake akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Najua ndivyo alivyoingia," alisema. "Nilimwambia miaka yote. Sasa nakwambia wewe."

Mama Pasi alisema hawezi. Hakusema hataki, alisema hawezi, akasimama pale akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, na hakuna aliyekuwa na roho ya kumsukuma zaidi. Kila kitu kingine katika wimbo huo kilikuwa cha mtunzi, na mtu yeyote mwenye koo angeweza kukiimba. Ule ukucha ndio pekee uliokuwa wa Fundi Saa. Ukiuondoa, kinabaki nini?

Kwaya ile ilikuwa ya watu wema, na wema wakati mwingine ni balaa. Walikubaliana wenyewe kwa wenyewe, bila kupiga kura, kwamba watamngoja. Bibi Mkunga akasema yeye atakaa juu kidogo zaidi, haina neno. Dereva wa Lori naye akajifunza kuchelewa ili jirani yake asiaibike. Mwalimu alitikisa kichwa, lakini alichezesha mkono kwa kumsubiri. Na kwa namna hiyo wote wakafika siku ya onyesho, katika ukumbi wa shule, viti vimejaa mpaka mlangoni.

Mama Pasi alikuwa amezinyoosha kanzu za kwaya nzima kwa mikono yake, na alipozitazama zimepangwa kwenye jukwaa alijisikia fahari kidogo. Kisha akatazama watu, na katika safu ya tatu akamwona wifi yake, kichwa kimesukwa upya, mikono imefungwa kifuani. Wifi hakuja kushangilia. Alikuja kushuhudia kwa macho yake, apate la kusema.

Waliimba nyimbo tatu, watu wakapiga makofi. Wimbo mpya waliuimba, na Mama Pasi akasimama kimya. Halafu mwalimu akainua mikono kwa Wimbo wa Asubuhi, na ukumbi ukatulia, maana watu wengi waliujua na walijua aliyekuwa akiuimba.

Alianza vizuri. Asubuhi, na kimya, na wengine wakapita. Alimsikia mumewe katika kila neno kama kawaida. Walifika mwishoni, sauti ya kwanza ikaanza kupanda, na yeye akajitayarisha kungoja ule ukucha wake. Kwa bahati mbaya, au nzuri, jukwaani walipangwa kwa umbo la mwezi mchanga, tofauti na darasani ambako walipangwa safu kwa safu. Kwa mara ya kwanza akiwa anaimba, alimwona Bibi Mkunga usoni.

Bibi Mkunga alikuwa juu kabisa. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama, mkono mmoja umekamata kanzu kifuani, macho yamemtoka, na macho hayo yalikuwa yanamtazama Mama Pasi. Hayakuwa na lawama wala haraka. Yalikuwa yanamngoja tu. Mwanamke mwenye pumu alikuwa anatumia pumzi yake ya mwisho kumngoja maiti, kwa kuwa rafiki yake alisema hawezi.

Mama Pasi aliingia.

Aliingia palepale, kwa wakati. Mwalimu aligutuka, Dereva wa Lori akamrukia nyuma kama mtu anayedandia gari, Bibi Mkunga akashuka na pumzi yake, na wimbo ukakaa sawasawa chini, imara kuliko ulivyowahi kukaa. Na ule ukucha ukafuata, pale ambapo siku zote Fundi Saa angeingia. Mama Pasi alikuwa anaimba huku sikio lake linangoja. Hakuingia mtu. Ukucha ukapita. Aliendelea kuimba bila yeye mpaka mwisho, kwa sauti yake nzito ambayo hakuwa ameisikia hivyo tangu azaliwe, na alipofunga mdomo makofi yalikuwa yamejaa ukumbini.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akakaa kwenye ngazi. Kutoka ndani zilisikika kelele za viti na za watu wanaopongezana. Baada ya muda wifi yake alitokea kwenye kona ya jengo, akatembea taratibu, akakaa ngazi ileile, kando yake. Alikuwa hana maneno, na hilo peke yake lilitosha kumtisha.

"Nilifumba macho," wifi alisema hatimaye. "Nilisema, ngoja nifumbe macho nimsikie kaka yangu, kama ni kweli unamtunza."

"Ukamsikia?"

"Hapana. Nilikusikia wewe."

Mama Pasi alitazama mikono yake. Aliyangoja maumivu, nayo hayakumwangusha. Yalikuja, yakakaa naye pale kwenye ngazi, na aligundua kwamba anaweza kukaa nayo.

"Hata kidogo?" aliuliza. "Hata mwanzoni?"

"Hata kidogo, wifi. Kaka yangu alikuwa na sauti nyembamba kuliko yako. Sote tulijua, tulimstahi tu." Wifi alijifuta pua kwa kiganja. "Wewe una sauti, mwanamke. Miaka yote hiyo uliificha wapi?"

Wakaanza kucheka, na kicheko kikageuka bila wao kutambua. Mama Pasi alimshika wifi yake bega.

"Amekufa, wifi," alisema. Tangu msiba alikuwa amesema ametutoka, ametangulia, hayupo tena, maneno yote ya adabu. Hilo hakuwahi kulitamka. "Mume wangu amekufa."

"Amekufa," wifi alisema. "Kaka yangu amekufa."

Walimlilia pamoja pale nje, vichwa vimegusana, nywele mpya za wifi zikaharibika upande mmoja na asijali. Mtu alifungua mlango, akawaona, akaurudishia polepole. Walipomaliza, wifi alimsaidia kufuta uso kwa ncha ya kanga yake, akamuuliza kama wanaweza kwenda sasa, chai iko nyumbani.

Mama Pasi alisimama, akakung'uta kanzu yake, akaitazama ilivyokunjamana, na kwa mara ya kwanza hakuona haja ya kuinyoosha.

"Ningoje hapa," alisema. "Naenda kumwomba mwalimu karatasi ya ule wimbo mpya."